Kibibi, Bi Madoa na Ngazi ya Maji

Sogeeni, sogeeni. Aliye nyuma apishwe aone picha. Injini inawaka, na leo tunapanda mto.

Huyu ni Kibibi. Ana miaka sita, na kutulia hajui. Akikaa, mguu unacheza. Akilala, mdomo unaongea.

Hii ni boti ya kwao. Ni ya buluu, na ubavuni imeandikwa SINA HARAKA. Na kweli, haijawahi kuwa na haraka hata siku moja.

Mama ndiye nahodha. Baba ndiye mpishi, na ndiye anayeimba vibaya.

Na huyu ndani ya tenga ni nani? Huyu ni Bi Madoa. Ni kuku mwenye madoa meusi na meupe, na leo hataki mzaha na mtu.

Bi Madoa analalia mayai. Mayai ni tisa. Kila yai limetiwa alama ya mkaa, ili lisije likaingia kwenye kikaango kwa bahati mbaya.

Ukutani jikoni, Kibibi alikuwa akichora mstari mmoja kila asubuhi. Asubuhi hii mistari ilifika ishirini. Vifaranga huanguliwa siku ya ishirini na moja.

"Kwa hiyo ni kesho," alisema Kibibi.

"Au leo jioni," alisema Baba, "kama hawajui kutulia, kama mtu fulani ninayemjua."

Mayai yale yalikuwa yanakwenda kwa Bibi Mashavu, mama yake Baba. Bibi anakaa mbali, huko mto unakotoka, kando ya Ziwa Kubwa.

Mwezi uliopita, nguchiro aliingia bandani kwa Bibi. Alikula kuku wote. Hakubakisha hata mmoja.

Tangu siku ile uwanja wa Bibi uko kimya. Hakuna wa kumwamsha alfajiri. Hakuna wa kumtupia pumba.

"Nyumba imepoa, mwanangu," Bibi alimwambia Baba kwenye simu. Siku hiyo Baba hakuimba kabisa.

Walitaka kuondoka mapema. Lakini injini iliharibika, na fundi akasema "kesho". Kesho yake akasema "kesho" tena. Kesho za fundi zilikuwa nyingi kuliko mayai.

"Mayai yakipoa njiani, itakuwaje?" aliuliza Kibibi.

"Yakipoa sana, hatutapata vifaranga," alisema Mama. "Bi Madoa lazima akae juu yake mpaka tufike. Kazi yako ni kumtuliza."

Kibibi akamtazama Bi Madoa. Bi Madoa akamtazama Kibibi, kwa jicho moja tu.

Tu-tu-tu-tu, ikalia injini.

*Tu-tu-tu-tu, mto unashuka.*
*Tu-tu-tu-tu, sisi tunapanda.*

Walipita mafunjo marefu yanayoyumba. Walipita wanawake waliokuwa wakifua, wakapungiana mikono. Walipita ndege mdogo wa buluu aliyekuwa akiangalia samaki wake majini.

Konokono mmoja ukingoni aliwapita. Baba alisema si kweli, lakini Kibibi alimwona.

*Tu-tu-tu-tu, mto unashuka.*
*Tu-tu-tu-tu, sisi tunapanda.*

Mara mto ukajaa mawe. Mawe makubwa, mawe meusi, mawe juu ya mawe. Maji yalishuka katikati yake, shaa, shaa, shaa.

"Boti haiwezi kupanda mawe," alisema Kibibi.

"Haiwezi," alisema Mama. "Tutapanda ngazi."

"Boti haina miguu."

"Ngazi yenyewe ni ya maji," alisema Mama.

Kando ya mawe palikuwa na mfereji. Ndani ya mfereji palikuwa na chumba kirefu kisicho na paa. Nyuma kina lango, na mbele kina lango.

"Tunaingia ndani," alisema Mama. "Lango la nyuma linafungwa. Kisha maji yanaingia, yanajaa, yanajaa, nasi tunapanda nayo. Tukifika juu, lango la mbele linafunguliwa."

Kibibi akafikiri. "Kama kikombe kwenye ndoo, ukifungua bomba?"

"Kama hivyo hivyo," alisema Mama. "Ziko ngazi tatu."

Juu ya ukuta alisimama dada mrefu, amevaa buti za njano. Aliitwa Tunu, na ndiye mlinzi wa ngazi zote tatu.

"Shikamoo," alisema Kibibi.

"Marahaba. Mko boti ngapi?"

"Moja," alisema Mama.

"Basi zimeni injini, mngoje," alisema Tunu. "Sijazi chumba kizima kwa boti moja. Maji ya mto si ya kumwaga. Zikifika mbili, nafungua."

Hiyo ndiyo desturi ya mto ule. Mwenye haraka na asiye na haraka, wote humngoja mwenzao.

Wakangoja. Mguu wa Kibibi ukacheza. Wakangoja tena. Mikono ya Kibibi ikatafuta kitu cha kufunga.

Maana wiki iliyopita Baba alimfundisha Kibibi kufunga fundo. Tangu hapo, nyumbani hakuna kilichobaki huru.

Alimfunga mbuzi kwenye kiti. Akakifunga kiti kwenye mlango. Akavifunga viatu vya Baba, kimoja kwa kingine, na Baba akaanguka na sufuria ya maharage.

"Mtoto huyu ni fundi," Baba alisema siku hiyo, akiwa bado chini.

Brrr, brrr, ikaja boti ya pili. Ilikuwa imebeba magodoro. Magodoro juu ya magodoro juu ya magodoro. Nyuma yake ilionekana kofia peke yake.

Chini ya kofia alikuwa Shomari, muuza magodoro. "Hodi mtoni," alisema. "Nami napanda."

"Karibu," alisema Mama. "Tulikuwa tunakungoja wewe bila kukujua."

Boti mbili zikaingia, ubavu kwa ubavu. Lango la nyuma likajifunga, ngriii, du.

Ukutani chini palikuwa na pete za chuma. Baba alipitisha kamba ya mbele kwenye pete moja. Mama alipitisha ya nyuma kwenye pete nyingine, akaizungusha mara moja kwenye kigingi cha boti, ili isiwe nzito.

Kisha akampa Kibibi ncha yake. Kibibi akakodoa macho.

"Sikiliza vizuri," alisema Mama. "Humu ndani kamba haifungwi. Kamba hushikwa. Ukiishika, boti haiyumbi. Maji yakipanda, unalegeza kidogo, boti nayo ipande."

"Shika," alisema Kibibi. "Legeza kidogo. Shika tena."

"Hivyo hivyo," alisema Mama.

Tunu akazungusha gurudumu la kufungulia maji, kri-kri-kri. Maji yakaingia kwa nguvu, bwaa, bwaa, bwaa.

*Shika. Legeza kidogo. Shika tena.*

Kwanza Kibibi aliona ukuta mtupu. Kisha akaona buti za njano. Kisha akaona magoti.

"Haba na haba hujaza kibaba," alisema Mama.

*Shika. Legeza kidogo. Shika tena.*

Mwishowe akaona uso wa Tunu, ana kwa ana. Walikuwa wamefika juu. Baba akachomoa kamba, lango la mbele likafunguka, na jua likaingia.

Kibibi alifurahi sana. Alipanda ngazi ya maji, na kamba aliishika mwenyewe.

Mbele yao palikuwa na Ziwa Dogo. Maua meupe yalielea. Ndege wanne waitwao mwari walipita na midomo yao mikubwa, kama watu wanaotoka sokoni na vikapu.

Baba akapika viazi na samaki. Akaimba pia, na mwari wakaenda zao.

Ukingoni kukasikika krin, krin. Alikuwa Tunu juu ya baiskeli, anawahi ngazi ya pili.

"Nitawangoja," alisema Tunu, akawapita.

*Tu-tu-tu-tu, mto unashuka.*
*Tu-tu-tu-tu, sisi tunapanda.*

Mara Kibibi akasikia kitu. Kilikuwa kidogo sana. Kilitoka ndani ya tenga.

*Pi.*

Kibibi akaweka sikio. *Pi*, ikalia tena. Ilitoka ndani ya yai.

"Mama, yai linaongea."

"Ni kifaranga," alisema Mama. "Kabla hajatoka, anamwita mama yake."

Bi Madoa akainamisha kichwa. "Kok, kok," akajibu, kwa sauti ya chini ambayo Kibibi hakuwahi kuisikia.

Kibibi hakutaka tena kuondoka pale. Alitaka kusikia pi nyingine, na nyingine, na nyingine.

Wakafika ngazi ya pili. Hii ilikuwa ndefu kuliko zote. Ndani palikuwa na giza kidogo, na kuta zilikuwa na majimaji na baridi.

Boti mbili ubavu kwa ubavu. Lango la nyuma, ngriii, du. Baba mbele, Kibibi nyuma. Kri-kri-kri. Bwaa, bwaa, bwaa.

*Shika. Legeza kidogo. Shika tena.*

*Pi.*

Kibibi akageuza kichwa.

*Shika. Legeza kidogo...*

*Pi, pi.*

Tenga lilikuwa katikati ya boti. Kamba haikumfikisha huko. Kibibi akanyoosha shingo, wapi. Akanyoosha mguu, wapi.

"Dakika moja tu," alijiambia Kibibi.

Akaifunga kamba kwenye kigingi. Juu, chini, zunguka, vuta. Lilikuwa fundo zuri kuliko yote aliyowahi kufunga.

Kisha akakimbilia tenga, akaweka sikio.

Maji yakaendelea kupanda. Mbele ya boti ikapanda. Nyuma ya boti haikupanda, maana kamba iliishika na pete ilikuwa chini.

Sina Haraka ikakaa kama mbwa, mbele juu, nyuma chini.

Sufuria ikateleza, kwalala. Viazi vikabingirika. Tenga likateleza, likagonga ubao, na kifuniko kikafunguka.

"Kwe-kwe-kwe-kwe," akalia Bi Madoa. Akaruka. Manyoya matatu yakabaki hewani, na yeye akawa juu kabisa ya magodoro ya Shomari.

"Tunu, funga maji," aliita Mama.

Kri-kri-kri, gurudumu likarudi. Maji yakasimama.

Mama akalivuta fundo. Halikufunguka. Akalivuta tena kwa mikono miwili. Fundo lilikuwa limekaza hasa.

Mama akachukua kisu cha samaki, akaikata kamba. Boti ikaruka, ikayumba, ikakaa sawa, bwalaa.

Mama akaweka kisu chini.

"Nani aliyefunga kamba?" aliuliza Mama.

Kibibi akatazama vidole vyake. Alitamani mbuzi angekuwepo, amsingizie.

"Ni mimi," alisema. Na machozi yakaanza.

Mama akamfuta uso kwa ncha ya kanga. "Fundo lako ni zuri, Kibibi. Hata mimi limenishinda. Lakini humu si mahali pake, na sasa umeona kwa nini."

"Nimeona," alisema Kibibi.

"Basi tuwatazame hao watoto."

Mayai yote tisa yalikuwa bado ndani ya nyasi za tenga. Yalikuwa mazima. Yalikuwa bado na joto. Lakini juu yake hapakuwa na mtu.

Mama akavua kanga yake. Akayaweka mayai ndani, moja moja. Akamkalisha Kibibi chini, akamfunga kanga tumboni, mayai yakaigusa ngozi yake.

"Sasa wewe ndiye kuku," alisema Mama.

"Mpaka lini?"

"Mpaka mwenyewe arudi. Usiruke, usikimbie, usijigeuze."

"Na mguu usicheze?"

"Na mguu usicheze," alisema Mama.

Baba akapanda magodoro kwenda kumchukua Bi Madoa. Godoro la kwanza likazama, bofu. Godoro la pili likazama, bofu. Baba akaonekana kichwa peke yake.

"Taratibu, ndugu yangu," alisema Shomari. "Hayo bado hayajauzwa."

Baba akanyoosha mkono. Bi Madoa akahamia kona nyingine. Baba akahamia kona ile. Bi Madoa akarudi kona ya kwanza.

"Mwache," alisema Mama. "Amechanganyikiwa. Ukimfukuza zaidi atarukia majini."

Basi Mama akapitisha kamba mpya nyuma, wakamaliza kupanda ngazi ya pili, na Baba akashika kamba zote mbili. Boti zikaendelea na safari. Huku mayai na Kibibi. Kule magodoro na Bi Madoa.

*Tu-tu-tu-tu, mto unashuka.*
*Tu-tu-tu-tu, sisi tunapanda.*

Kibibi alikaa. Mguu ukataka kucheza. "Tulia," Kibibi akauambia.

Nzi akaja, akatua puani. Kibibi hakumfukuza. Nzi akatembea mpaka kwenye nyusi, akanawa mikono, akaondoka kwa hiari yake.

Mgongo ukauma. Goti likawasha. Kibibi hakujigeuza.

Alikuwa akisikiliza. Lakini mayai hayakusema kitu.

"Mama," alisema Kibibi, "wamenyamaza."

Mama akamvika sweta lake kubwa, likawafunika wote kumi, Kibibi na mayai yake. "Huenda wamelala," alisema. Lakini naye alikuwa akimtazama Bi Madoa kule juu.

Jua lilianza kushuka. Upepo wa jioni ukaanza kupita juu ya maji. Kibibi aliogopa, akayakumbatia mayai kwa mikono yote.

Krin, krin. Tunu alikuwa amekwishafika ngazi ya tatu.

Boti zikaingia. Lango la nyuma, ngriii, du.

Mama alisogea ubavuni, akaishika boti ya Shomari kwa mikono yake. "Nitazibana boti zote mbili," alisema. "Zisipoachana, Bi Madoa anaweza kuvuka mwenyewe."

Shomari alikuwa na kamba zake. Baba alikuwa na kamba ya mbele, na kamba mpya ya nyuma ilikuwa tayari kigingini, haina mtu.

"Nipe mimi," alisema Kibibi.

Mama akamtazama. Akamtazama tena.

"Nitakaa hapa hapa chini ya kigingi," alisema Kibibi. "Mayai yako tumboni, kamba iko mkononi. Siendi popote."

Baba akamnyanyua polepole, akamweka chini ya kigingi. Mama akampa kamba.

Kri-kri-kri. Bwaa, bwaa, bwaa.

*Shika. Legeza kidogo. Shika tena.*

Bi Madoa akajikunyata juu ya godoro. Kelele za maji hazikumpendeza.

Kibibi akafikiri. Vifaranga humwita mama yao. Lakini maji yakipiga kelele namna hii, atawasikiaje?

"Dada Tunu," aliita Kibibi, "naomba maji yaingie polepole."

Tunu akainama ukutani. "Polepole kiasi gani? Giza linakuja, nami sijala."

"Polepole kama boti yetu."

Tunu akaitazama Sina Haraka. Akajizuia kucheka, akashindwa. Akarudisha gurudumu nyuma, kri... kri... kri.

Maji yakapunguza sauti. Hayakusema tena bwaa. Yalisema ss, ss, ss.

"Na Baba asiimbe," alisema Kibibi.

"Hata sikuwa nimeanza," alisema Baba.

Wote wakanyamaza. Mama kimya. Shomari kimya, kofia mkononi.

Kibibi akainamisha kichwa ndani ya sweta. "Pi, pi," alisema kwa sauti ndogo. "Amkeni, mumwite mama."

Kimya.

*Shika. Legeza kidogo. Shika tena.*

"Pi, pi," alisema Kibibi.

Kimya.

Kisha, chini ya kanga, kitu kikamgusa tumbo. Kitu kidogo sana, kama ukucha.

*Pi.*

Na kingine. *Pi, pi.* Na vingine viwili kwa pamoja. *Pi, pi, pi.*

Kule juu ya magodoro, kichwa chenye kishungi chekundu kikainuka.

"Kok?"

*Pi*, likajibu yai.

Bi Madoa akashuka godoro moja. Akasimama. Akashuka la pili. Akageuza kichwa, jicho hili, kisha jicho lile.

Kibibi alitamani kuruka. Alitamani kumkimbilia. Moyo ulikuwa unadunda kama ngoma ya harusi.

Hakuruka.

*Shika. Legeza kidogo. Shika tena.*

Bi Madoa akashuka godoro la tatu. Akafika ukingoni mwa boti ya Shomari. Akanyoosha mguu mmoja, akaurudisha. Kisha akavuka.

Tapa, tapa, tapa, akatembea juu ya ubao. Akapita sufuria. Akapita kiazi kimoja. Akafika kwenye goti la Kibibi, akapanda.

Kwa mkono mmoja, Kibibi akalegeza kanga. Kwa mkono mwingine aliendelea kushika kamba.

Bi Madoa akayatazama mayai yake. Akayapanga kwa mdomo. Akajitanua, akatikisa manyoya, akakaa. Akakalia mayai, na mayai yalikuwa mapajani mwa Kibibi.

"Kok, kok," alisema Bi Madoa, kama mtu aliyetoka kidogo tu.

Machozi yakamtoka Kibibi tena. Haya yalikuwa ya furaha, na hakuwa na mkono wa kuyafuta.

Maji yaliingia polepole, na kwa hiyo yalichukua muda mrefu sana. Mkono ulichoka. Kibibi alitaka kusema wayaongeze, lakini akakumbuka nani aliyeomba.

*Shika. Legeza kidogo. Shika tena.*
*Shika. Legeza kidogo. Shika tena.*

Buti za njano. Magoti. Uso wa Tunu, ana kwa ana.

Tunu akamtazama Kibibi na kuku wake na kamba yake. "Haya, nahodha," alisema kwa kunong'ona. "Mmefika juu."

Lango la mbele likafunguka, na Ziwa Kubwa lilikuwa limejaa rangi ya chungwa. Baba akafungua mdomo aimbe. Mama akamtazama. Baba akaufunga.

Shomari akapunga kofia, akaenda na magodoro yake. Unyoya mmoja wa Bi Madoa ulikwenda naye.

Bibi Mashavu alikuwa amesimama gatini tangu alasiri. Aliiona boti ya buluu kutoka mbali. Iliendelea kuonekana kutoka mbali kwa muda mrefu.

"Karibuni, karibuni," alisema Bibi walipofika. "Kibibi, njoo unikumbatie."

"Shikamoo Bibi. Siwezi kusimama," alisema Kibibi. "Nimekaliwa."

Bibi akachungulia ndani ya boti. Akaona sweta. Akaona kanga. Akaona jicho moja la Bi Madoa, halitaki mzaha.

"Marahaba, mjukuu wangu," alisema. "Nani amekufanya kiota?"

Kibibi akavuta pumzi. "Nilifunga kamba ndani ya lango, Bibi. Boti ikainama, Bi Madoa akakimbia, na mayai yako yalikaribia kupoa. Ni mimi."

Bibi akaweka kiganja chini ya manyoya ya Bi Madoa. Akakiacha hapo kidogo.

"Lakini ni ya moto," alisema Bibi.

"Nilikaa," alisema Kibibi. "Sikujigeuza hata mara moja."

"Wewe ulikaa?" alisema Bibi. Akamgeukia Mama. "Huyu alikaa?"

"Alikaa," alisema Mama.

Baba akawabeba wote pamoja, Kibibi, kuku, sweta na mayai. Akawaingiza ndani, akawaweka juu ya mkeka, kwenye mto laini wa kulalia, karibu na ukuta.

Bibi alileta wali na mchuzi wa samaki. Akamlisha Kibibi tonge kwa tonge, maana Kibibi alikataa kabisa kutikisika.

Alipofika tonge la saba, likasikika *ka*. Ganda la yai lilikuwa limepasuka.

Kwanza ukatoka mdomo mdogo. Kisha bawa moja, limelowa. Kisha kifaranga mzima akaanguka juu ya kanga, akashangaa.

Baada yake akatoka wa pili. Akafuata wa tatu. Walikuwa hawajui kutulia kabisa.

"Bibi, hawa ni wako," alisema Kibibi. Sauti yake ilikuwa imejaa usingizi.

"Ni wangu," alisema Bibi. "Na kila asubuhi nitakapowatupia pumba, nitawaambia nani aliyewalalia."

Kibibi akatabasamu. Akafumba macho. Hata mguu wake ulilala.

Mama alikuwa amelala. Baba alikuwa amelala. Mayai yaliendelea kupasuka, moja moja, ka, ka, ka.

Bibi Mashavu peke yake hakulala. Alikaa pale mkekani kando ya mjukuu wake, akawasikiliza, *pi, pi, pi*, na nyumba ilikuwa na kelele nzuri.